Jinsi ya Kuongoza Kundi la Watalii Roma, Firenze na Venezia

Mwongozo huu ni wa yeyote anayetaka kupeleka watu ishirini hivi Italia, wawe wa jumuiya ya kanisa, chama cha akina mama, ukoo au wafanyakazi wenzake. Mimi Kiitaliano nilikipata Malindi, kazini hotelini, kama wengi wa pwani yetu walivyokipata, na sasa kazi yangu ni kuwasindikiza Waswahili kwenda kuiona miji ambayo wageni wetu walikuwa wakitusimulia. Ninayoyaandika hapa ni utaratibu ninaoufuata mwenyewe.

Hatua ya 1: Punguza miji

Ratiba za kuuza safari hupenda kutaja miji mingi: Roma, Assisi, Siena, Pisa, Firenze, Bologna, Verona, Venezia, Milano, yote ndani ya siku nane. Safari ya namna hiyo watu huiona kupitia dirisha la basi. Chukua miji mitatu kwa siku kumi: Roma usiku nne, Firenze usiku tatu, Venezia usiku mbili. Siku moja ukiwa Firenze unaweza kuwapeleka Siena au Pisa. Chagua mmoja. Mimi huchagua Siena, kwa sababu Pisa watu hupiga picha na mnara kisha huuliza basi linaondoka saa ngapi, lakini uwanja wa Piazza del Campo wa Siena unamkalisha mtu chini hata kama hakupanga kukaa.

Idadi isizidi 25, nawe ukiwemo. Tangu 2024 Venezia imeweka ukomo wa watu 25 kwa kundi linaloongozwa, na imepiga marufuku vipaza sauti. Hata pasingekuwa na sheria hiyo, kundi kubwa kuliko hilo halivuki barabara ya Roma kwa pamoja.

Julai na Agosti epuka ukiweza. Joto la Roma miezi hiyo halina upepo wa bahari, na foleni ziko juani. Machi na mwishoni mwa Oktoba hali ni nzuri, ila kila mtu abebe koti.

Hatua ya 2: Viza, na majina kama yalivyo kwenye pasipoti

Maombi ya viza ya Schengen, ndiyo ya kuingilia Italia na nchi nyingi za Ulaya, hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na mwisho ni siku 15 kabla. Usiisogelee hiyo siku ya 15. Miadi hujaa, na kwa kawaida kila mtu hutakiwa kufika mwenyewe kutoa alama za vidole. Anza miezi minne kabla. Bima ya safari iwe ya kuanzia euro 30,000 za matibabu, na pasipoti iwe na uhai wa angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Tiketi za ndege zisizorudishiwa pesa zisubiri viza itoke.

Wakati huohuo tengeneza orodha ya majina, herufi kwa herufi, kama yalivyo kwenye pasipoti. Orodha hii utaitumia kila mahali. Tiketi za Colosseum, ule uwanja mkubwa wa kale wa Roma, siku hizi huandikwa jina la mtu, na mlangoni huulizwa kitambulisho. Mama anayejulikana mtaani kwa jina la mwanawe atazuiwa mlangoni kama ndivyo ulivyomwandika.

Hatua ya 3: Panga siku kwa kufuata milango inayofungwa

Makumbusho ya Vatikani hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi. Galleria degli Uffizi na Accademia, makumbusho ya sanaa ya Firenze, hufungwa Jumatatu. Jumatano asubuhi, Papa akiwepo, huwa na hadhara yake, na Basilika ya Mtakatifu Petro hufungwa kwa muda huo. Mpangilio unaonifaa ni huu: fika Roma Jumatatu, Colosseum na magofu ya Jukwaa la Kirumi (Foro Romano) Jumanne, hadhara ya Papa Jumatano kwa wanaoitaka na Pantheon, hekalu la kale, alasiri, Vatikani Alhamisi, kisha Ijumaa treni ya kwenda Firenze. Jumatatu inayofuata, Firenze inapofunga milango, nyinyi mko njiani kuelekea Venezia.

Tiketi zote za sehemu hizi zina saa. Nunua mapema, wala usiweke mbili kubwa ndani ya siku moja.

Hatua ya 4: Ajiri kiongozi mwenye leseni kila mji

Hapa wengi hukwama. Italia inatofautisha msindikizaji wa kundi na kiongozi wa watalii. Wewe ni msindikizaji: unahesabu watu, unashika tiketi, unawapeleka hotelini. Kueleza historia ndani ya Colosseum au Uffizi ni kazi ya mwenye leseni, na asiye nayo anaweza kutozwa faini. Usione ni usumbufu. Mtu aliyesomea mji wake ana mambo ambayo hutayapata kwingine.

Wengi wao watawaelezea kwa Kiingereza. Kubaliana naye mapema: sentensi fupi, asimame kila baada ya dakika chache, na watu wawe na vifaa vya kusikilizia vya masikioni. Wenye Kiingereza hafifu wasitegemee tafsiri ya kunong'onezwa katikati ya umati. Wao wanahudumiwa na hatua inayofuata, ambayo kwangu ndiyo roho ya safari nzima.

Hatua ya 5: Simulia usiku wa kuamkia

Kila usiku baada ya chakula, keti na kundi nusu saa, uwasimulie kwa Kiswahili watakayoyaona kesho. Si tarehe tupu. Wape vitu viwili au vitatu vya kutafuta kwa macho yao. Asubuhi, kiongozi wa mahali akianza kusema, wao tayari wanajua wanatafuta nini, na hata Kiingereza kikiwapita, jicho halikosi.

Kwa Pantheon nawaambia hivi: jengo hili lilimalizika zama za Kaizari Hadrian, mnamo mwaka 126, na kuba lake ni la zege lisilotiwa nondo. Upana wake ni mita 43 na ushei, na kutoka sakafuni hadi kileleni ni hivyohivyo, maana yake mpira kamili ungeenea humo ndani. Juu katikati pana tundu wazi la karibu mita tisa. Kisha nawauliza: mvua ikinyesha, maji yanakwenda wapi? Siwajibu. Kesho yake utawaona wazee kwa vijana wameinamia sakafu wanatafuta vitundu vya kupitishia maji, na wakivipata huitana.

Kwa Kapela ya Sistina, iliyomo kwenye ziara ya Makumbusho ya Vatikani, kusimulia kabla ni lazima, maana ndani hairuhusiwi kuzungumza wala kupiga picha. Hata viongozi wenye leseni humaliza maelezo yao nje, uani, kwenye mabango yenye picha. Waambie Michelangelo alichora dari kati ya 1508 na 1512, akiwa amesimama juu ya jukwaa huku ameinua shingo, si amelala kama wengi wanavyodhani, na kwamba ukuta wa Hukumu ya Mwisho alikuja kuuchora zaidi ya miaka ishirini baadaye, akiwa mtu mzima. Waambie waanze kutazama katikati ya dari, wateremke taratibu, wamalizie na ukuta. Asiyeambiwa hutazama mkono wa Mungu na wa Adamu, akatoka.

Kuba la kanisa kuu la Firenze linahitaji usiku wake pekee. Kanisa lilianza kujengwa 1296, na kwa miaka mingi lilikaa na uwazi mkubwa juu, kwa sababu hapakuwa na aliyejua jinsi ya kulifunika bila kujaza ndani magogo ya kuegemezea. Filippo Brunelleschi alianza 1420, akamaliza kuba 1436. Alijenga maganda mawili, moja ndani ya jingine, na matofali akayapanga mengine yamesimama katikati ya yaliyolala, kwa mshono kama wa ukili wa mkeka, ili kila safu ijishikilie yenyewe kabla chokaa haijakauka. Njia ya kupandia hupita katikati ya maganda hayo mawili. Katika kundi langu moja alikuwemo fundi mwashi wa Mombasa. Alisimama pale kwenye ngazi akapitisha kiganja juu ya matofali, nyuma foleni ikimsubiri, akasema tu, "Huyu alikuwa fundi." Ngazi zilizobaki alizipanda kimya.

Ngazi zenyewe ni 463, nyembamba, hakuna lifti. Waambie usiku ule ule, waziwazi. Kila kundi lina mama wa kusema, "Mwanangu, mimi na magoti haya siwezi." Asipewe benchi la kusubiria. Mpeleke jumba la makumbusho la Opera del Duomo, nyuma ya kanisa, lenye lifti. Humo imo milango halisi ya shaba ya mchongaji Lorenzo Ghiberti, iliyomchukua tangu 1425 hadi 1452, na hadithi za Agano la Kale zilizochongwa humo bibi yeyote aliyekwenda kanisani anazitambua bila kuambiwa.

Hatua ya 6: Tembea kwa mwendo wa aliye nyuma

Mbele akae kiongozi, nyuma kabisa ukae wewe. Wagawe watu wawili wawili, kila mmoja amjue mwenzake, na ukiuliza "Mko sawa?" wajibu kwa jozi. Kuhesabu vichwa katikati ya umati wa Fontana di Trevi, ile chemchemi maarufu ya Roma, hakuna tija.

Viatu viwe vilivyokwisha kuzoea mguu, maana mawe ya barabara za Roma yana mikunjo. Kila mtu awe na chupa: mji una chemchemi zaidi ya 2,500 za maji ya kunywa, bure. Kuketi kwenye Ngazi za Kihispania ni marufuku, na faini inaweza kufika euro 400. Kanisani mabega na magoti yafunikwe. Leso au khanga kwenye mkoba inatatua hilo papo hapo. Vibaka wapo stesheni ya Termini na kwenye mabasi ya kwenda Vatikani. Mkoba uvaliwe mbele, simu isikae mfuko wa nyuma.

Hatua ya 7: Chakula, hasa kwa Waislamu wa kundi

Weka oda ya meza siku mbili tatu kabla, mseme mko wangapi. Wafundishe wote maneno manne: maiale, prosciutto, guanciale, strutto. La kwanza ni nguruwe, na mengine yote yanatokana naye, la mwisho likiwa mafuta yake, yanayoweza kuingia hata kwenye mkate. Tambi za carbonara na amatriciana zina guanciale. Risotto mara nyingi hutiwa mvinyo. Samaki na pizza ya margherita ni salama zaidi, lakini uliza. Kwa nyama halali Roma, mtaa wa Esquilino karibu na Termini una wauzaji na migahawa mingi. Kama Ijumaa kundi bado liko Roma, Msikiti Mkuu, uliofunguliwa 1995, ni kazi ya mbunifu Paolo Portoghesi na wenzake, na nguzo zake zinastahili safari hata kwa asiyekwenda kuswali.

Kahawa inywewe kwa kusimama kaunta. Ukikaa mezani bei hupanda.

Hatua ya 8: Treni, kisha Venezia

Roma hadi Firenze kwa treni ya mwendo kasi ni kama saa moja na nusu, Firenze hadi Venezia kama saa mbili. Namba ya jukwaa hutokea ubaoni dakika chache kabla, kwa hiyo wote wawe pamoja, begi moja kwa mtu mmoja, na wahamie mlangoni dakika kumi kabla ya kushuka.

Venezia haina magari, na madaraja yake yana ngazi. Tafuta hoteli Lista di Spagna: ukitoka stesheni ya Santa Lucia unakata kushoto, na unafika na sanduku lako bila kuvuka daraja hata moja. Wanaolala mjini hawalipi ada ya kuingia inayotozwa wageni wa siku moja katika tarehe fulani, ila kagua kama mnahitaji kujisajili. Kodi ya hoteli ya kila usiku nayo ipo, katika miji yote mitatu.

Panda boti namba 1 jioni, ipite Mfereji Mkuu, mshuke Rialto, penye daraja na soko. Hapo ndipo ninapowasimulia ya kwetu. Pilipili manga na viungo vya Bara Hindi vilifika Venezia kupitia Aleksandria, na mji ukatajirika. Kisha 1498 Vasco da Gama akatia nanga Malindi, akapewa rubani, akavuka hadi Calicut, Bara Hindi, na Wareno wakapata njia isiyopita kwa Waarabu wala kwa Wavenezia. Habari zile ziliwashtua wafanyabiashara wa hapa Rialto. Wana Malindi wa kundi, waliokua wakicheza karibu na ile nguzo ya Vasco da Gama, husimama pale darajani na kuanza kuuliza maswali ambayo sikuwaandalia.

Hatua ya 9: Siku ya kurudi

Aliyenunua vitu vya zaidi ya euro 70 duka moja na akaomba fomu anaweza kurudishiwa kodi. Fomu ishughulikiwe uwanja wa ndege kabla ya kukabidhi sanduku, kwa sababu forodha wanaweza kutaka kuona bidhaa. Mafuta ya zeituni yaende kwenye sanduku kubwa. Fikeni saa nne kabla ya ndege, na pasipoti azishike kila mwenyewe.