Polisi wakichukua kompyuta yako, dai orodha papo hapo

Wenye saiba na ofisi hapa Malindi, hasa mnaotunza faili za wateja: polisi wakija na hati ya mahakama, msiwazuie wala msifute kitu. Daini orodha. Sheria ya uhalifu wa kompyuta ya 2018, kifungu cha 49, inamtaka afisa aorodheshe alichochukua, pamoja na tarehe na saa, na akupe nakala. "Kompyuta nyeusi moja" haitoshi kabisa. Iandikwe modeli na ile namba ya kiwandani iliyobandikwa nyuma au chini.

Kubwa zaidi: mashine iliyozimwa isiwashwe "kuangalia tu". Windows ikiwaka hubadilisha yenyewe faili nyingi na tarehe zake, hata kama hakuna aliyegusa kitu, na baadaye nani atajua kipi kilikuwa chako? Mtaalamu huikopi diski nzima kwa kifaa kinachozuia kuandika juu yake, kisha hukokotoa heshi ya SHA-256. Hiyo ni herufi na tarakimu 64, kama alama ya kidole ya diski. Nukta moja ikibadilika, heshi yote inageuka. Omba kupitia wakili wako uwepo ikikokotolewa, nawe uinakili.

Diski kubwa huchukua saa nyingi, kwa hiyo kazi hiyo mara nyingi haifanyiki dukani. Basi kompyuta ifungwe kwenye mfuko wenye lakiri, nyote msaini juu ya lakiri, na uipige picha ukiruhusiwa, kabla haijapakiwa garini.