Kabla Hujaacha Ngano na Maziwa

Jambo la kwanza halihusu jikoni. Kama tumbo linakuvuruga kila ukila chapati na unaishuku ngano, nenda kapime ukiwa bado unaila. Kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa ambao gluteni (protini ya ngano) huufanya mwili uushambulie utumbo wake wenyewe, hutafuta kingamwili zinazotokea mwilini kwa sababu ya gluteni hiyo. Ukiiacha ngano miezi kadhaa, kingamwili hizo hupungua na jibu linaweza kutoka safi ilhali ugonjwa unao. Hapo daktari huenda akakutaka urudi kwenye mkate kwa wiki kadhaa, na aliyekwisha kupata nafuu hapendi kusikia habari hiyo.

Kwa maziwa, jua hasa unakwepa nini. Anayeshindwa kumeng'enya laktosi, yaani sukari ya maziwa, mara nyingi huvumilia tone kwenye chai au mtindi kidogo. Mwenye mzio wa protini ya maziwa hana cha kidogo, hata samli inaweza kubaki na chembe za kumdhuru. Mwenye siliaki naye huweza kukataliwa na maziwa kwa muda tu, kwa kuwa utumbo umejeruhiwa, na ukipona akaweza kuyarudia.

Mchana na usiku hakuna kazi kubwa. Ugali wa mahindi au mtama, wali, ndizi, muhogo, maharage, choroko, dagaa na mchicha havina gluteni wala maziwa kwa asili yake. Mpishi wa Pwani, mwenye mazoea ya kutia tui kila mahali, amebahatika kuliko wa Bonde la Ufa anayemalizia mnavu kwa maziwa. Mtori uuliziwe, maana wapo wanaoulainisha kwa siagi.

Mtihani uko asubuhi. Chai ya maziwa, mkate, maandazi, chapati na supu: karibu kila kitu cha haraka kina ngano au maziwa. Kwa hiyo kifungua kinywa kipangwe usiku. Chemsha viazi vitamu au magimbi ya kutosha siku mbili, loweka mbaazi za kupika na nazi uzile kwa muhogo badala ya mahamri, weka uji wa ulezi wenye ukwaju au ndimu. Chai iwe ya rangi, yenye tangawizi na mchaichai. Mimi naiona bora kuliko ya maziwa, lakini najua nyumba ambazo kauli hiyo ingezua ugomvi. Vitumbua vya mchele na tui vinafaa kabisa, ila muulize anayeuza kama hajachanganya unga wa ngano.

Kisha mashine ya kusaga, na hapa ndipo wengi huponzwa. Codex, yaani kanuni za kimataifa za vyakula, huruhusu chakula kuitwa kisicho na gluteni kikiwa na miligramu za gluteni zisizozidi 20 kwa kilo. Kijiko kimoja cha chai cha unga wa ngano, kikichanganyika na kilo 10 za sembe, kinatosha kufika kwenye mpaka huo au kuuvuka. Mashine iliyotoka kusaga ngano ya jirani hubaki na zaidi ya hapo. Tafuta isiyosaga ngano kabisa. Unga wa lishe wa kununua nao usomwe vizuri, kwani mara nyingi ngano imo ndani. Kwenye pakiti nyingine angalia shayiri, kimea, semolina (ngano ya chengachenga) na maziwa ya unga. Soseji na mchuzi wa soya mara nyingi huficha ngano.

Nyumbani, kama wengine wanaendelea na chapati, tenga kikaango, mwiko na chujio. Mafuta yaliyokaangia sambusa yasikaangie muhogo wako.

Fikiria pia unachopoteza. Unga wa ngano wa viwandani Kenya na Tanzania huongezwa kisheria madini ya chuma na asidi ya foliki, ambavyo mchele wa gulioni hauongezwi. Mwanamke anayetarajia kubeba mimba azungumze na mhudumu wa afya mapema. Kalsiamu ya maziwa itafutwe kwenye dagaa wanaoliwa na mifupa yao, sukuma wiki, ufuta na ulezi. Gramu 100 za unga wa ulezi zina kalsiamu zaidi ya miligramu 300, ingawa bakuli la uji halibebi unga wote huo.

Hafla usiziache, ziulizie. Biriani kwa kawaida nyama yake hulowekwa kwenye mtindi, kwa hiyo pilau ni salama zaidi, mradi ipikwe kwa mafuta na si samli. Samaki wa kukaanga huweza kupakwa unga wa ngano. Samaki wa kupaka, yeye huogelea kwenye tui. Mpigie mwenye shughuli siku mbili kabla, usisubiri sahani ifike. Na safari ya basi, funga ndizi, mayai ya kuchemsha na karanga, kwa sababu kwenye kituo cha chakula chipsi na sambusa huwa zimetoka karai moja.