Namna ya Kukagua Nyumba Uliyoipangisha

Uharibifu wa nyumba huenda polepole, na mara nyingi mwenye nyumba hupata habari zake siku mpangaji anapohama, wakati ambapo tone lililokuwa likidondoka chini ya sinki limekwisha kuozesha kabati na kulegeza vigae vya sakafu. Ukaguzi wa mara kwa mara hufanywa ili kasoro ionekane ikiwa bado ndogo. Kinachokaguliwa ni paa, mabomba, nyaya na kuta. Mpangilio wa vyombo vya mpangaji, wageni wake na namna anavyoishi havimo, na mwenye nyumba anayechanganya mambo hayo atafichwa kasoro ambazo angepaswa kuambiwa mapema kuliko mtu mwingine yeyote.

Kabla ya ukaguzi wowote, lazima iwepo kumbukumbu ya kulinganishia. Siku ya kukabidhi funguo, pitieni pamoja chumba kimoja baada ya kingine, andikeni hali ya kila kitu kuanzia vitasa hadi dari, pigeni picha zenye tarehe, kisha nyote wawili mtie saini na kila mmoja abaki na nakala yake. Bila karatasi hiyo, alama ya ukutani inaweza kuwa ya mpangaji huyu au ya yule aliyetangulia, na hakuna atakayeweza kuthibitisha.

Kuhusu ratiba, ukaguzi wa kwanza baada ya miezi mitatu tangu mpangaji aingie, kisha mmoja kila miezi sita, unatosha kwa nyumba nyingi. Nyumba ya zamani, au iliyo mahali penye mvua kubwa, ikaguliwe pia kabla ya msimu wa mvua na mara baada ya msimu huo kwisha. Anayebisha hodi kila mwezi, kwa maoni yangu, hakagui tena bali anamsumbua mtu ndani ya makazi yake. Ratiba hiyo iandikwe kwenye mkataba tangu mwanzo ili isije ikaonekana kuwa ni dalili ya kutoaminiana.

Kuwa na ufunguo wa akiba hakumpi mwenye nyumba ruhusa ya kuingia atakavyo. Katika nchi nyingi sheria humlinda mpangaji ili aishi kwa utulivu bila kuingiliwa, na baadhi ya sheria hizo hutaka taarifa ya saa 24 au zaidi, kwa hiyo soma sheria ya mahali nyumba ilipo kabla ya kupanga tarehe. Hata pale sheria inaporuhusu muda mfupi, ni vyema kutoa taarifa ya maandishi wiki moja kabla, ukitaja siku, saa, sababu na muda utakaotumia, na kumwachia mpangaji nafasi ya kupendekeza wakati mwingine. Dharura kama bomba lililopasuka, moto au harufu ya gesi ina taratibu zake.

Siku ya ukaguzi, anza kwa kumuuliza mpangaji ni kitu gani kinachomsumbua. Yeye ndiye anayejua ni breka ipi ya umeme hukatika usiku na ni dirisha lipi huingiza maji, na majibu yake yatakuonyesha pa kuanzia.

Kisha tafuta maji, kwa sababu ndiyo chanzo cha sehemu kubwa ya uharibifu unaogharimu fedha nyingi. Omba mabomba yote yafungwe, andika namba ya mita, na uisome tena unapomaliza. Ikiwa imesogea ilhali hakuna aliyetumia maji, kuna mahali panavuja. Pitisha mkono mkavu kwenye maungio ya chini ya sinki. Tia matone machache ya rangi ya chakula kwenye tangi la choo na usubiri kama nusu saa bila kulivuta. Rangi ikionekana kwenye bakuli, mpira wa ndani umechakaa. Unyevu wa ukutani usomwe kwa uangalifu, kwani tiba hutegemea chanzo. Doa la dari lenye ukingo wa kahawia kwa kawaida hutokana na maji yanayovuja kutoka juu. Unyevu unaoanzia chini ya ukuta na kufika takriban mita moja huenda unapanda kutoka ardhini. Madoadoa meusi ya ukungu kwenye pembe na nyuma ya makabati mara nyingi hutokana na mvuke usiopata pa kutokea, na hayo hupungua hewa inapopita vizuri na unyevu wa ndani unapobaki chini ya asilimia 60. Kupaka rangi juu ya unyevu ni kupoteza fedha.

Upande wa umeme, soketi yenye joto, iliyobadilika rangi au yenye harufu ya kuungua iachwe kutumika mara moja na fundi aitwe. Bonyeza kitufe cha majaribio cha king'ora cha moshi, na usome tarehe ya kutengenezwa, kwani vingi vinapaswa kubadilishwa baada ya miaka 10. Pale panapotumika gesi, mwali wa njano badala ya bluu, pamoja na masizi, ni dalili kwamba gesi haiungui kikamilifu na huenda inatoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu.

Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Ufa unaokwenda kimshazari kutoka pembe ya mlango au dirisha uwekewe alama ya penseli na tarehe kwenye ncha zake; ukirefuka ukaguzi ujao, au ukifikia upana wa milimita 5, mwite mhandisi. Nje, tazama mifereji ya paa na vijia vya udongo vya mchwa kwenye msingi.

Picha zipigwe za kasoro tu, wala si za mali ya mpangaji. Rangi iliyofifia kwa jua ni uchakavu wa kawaida na haimhusu, lakini mlango uliotobolewa ni uharibifu. Tofauti hiyo ielezwe mapema, isisubiri siku ya kurudisha amana.

Ndani ya siku chache mpelekee mpangaji ripoti fupi yenye kila kasoro, atakayeishughulikia na tarehe ya matengenezo. Mpangaji aliyeripoti jambo mara mbili bila kuona fundi hataripoti mara ya tatu. Kwa hiyo ukaguzi unaofuata uanze na ripoti hiyo mkononi, mkipitia kwanza yale yaliyoahidiwa.