Somo: Emuleta ya Game Boy, prosesa kwanza picha baadaye

Emuleta ni programu inayoiga mashine nyingine; hapa ni Game Boy, mashine ya gemu ya mkononi. Wengi hukimbilia skrini. Vigae (vipande vidogo vya picha) viwili vitatu vikitokea wanashangilia, kisha gemu inaganda na hawajui pa kushika. Laptopu ya mtumba ya Darajani inatosha kabisa. Game Boy ya 1989 yenyewe ina RAM ya KB 8 tu.

Hatua ya 1. Tenga safu ya baiti 65,536, ndiyo kumbukumbu yote. Kaseti inakaa anwani 0000 hadi 7FFF, kwa heksa (hesabu ya msingi wa 16). Programu ya kuwashia iruke: rejista (vihifadhi vidogo ndani ya prosesa) ziwe hivi: PC, anwani ya amri inayofuata, 0100; SP, kilele cha steki (rundo la data kwenye kumbukumbu), FFFE; AF, yaani A pamoja na bendera F, 01B0.

Hatua ya 2. Andika opikodi, yaani amri za prosesa. Zinazoanza na CB usiziandike moja moja: biti 3 za chini zinataja rejista, zilizobaki zinataja kazi.

Hatua ya 3. Endesha cpu_instrs, majaribio ya prosesa ya mtu aitwaye blargg, yale 11 ya faili mbalimbali. Skrini haihitajiki: kila 81 ya heksa ikiandikwa anwani FF02, chapisha herufi iliyomo FF01. Yapakue mara moja, tia kwenye flashi. Hata aliye Wete atayapata kwa boti bila kuchoma bando.

Jaribio la 01 ndilo linaloangusha watu. Kwanza POP AF: biti 4 za chini za F ni sifuri daima, kwa hiyo zifute kila unapoitoa kwenye steki. Pili DAA, amri inayorekebisha jumla ya heksa isomeke kama ya kawaida. Chukua 19 na 28. Prosesa inajumlisha kwa heksa, inapata 41. Kwa kuwa 9 na 8 zimevuka tarakimu ya chini, bendera ya H (alama ya kuvuka huko) imesimama, basi DAA inaongeza 6, unapata 47. Ukisahau kusimamisha H, lawama itaiangukia DAA na mwizi yuko ADD.

Hatua ya 4. Sasa picha. Fremu ni mistari 154, kila mstari tiki (midundo ya saa ya prosesa) 456. LY (namba ya mstari unaochorwa) ikifika 144, omba VBlank, ishara kwamba picha imemaliza kuchorwa.

Hatua ya 5. Kila rekebisho liwe na komiti yake (hifadhi ya mabadiliko) kwenye Git, programu ya kutunza matoleo, ndogo. Umeme wetu mnaujua. Msimbo wa mchangiaji usiingie kabla majaribio yote 11 hayajapita. ROM (nakala za kaseti) za gemu za kampuni usizitie humo kamwe.

MASWALI

— Maalim, majaribio yamepita lakini skrini nyeupe tupu.
Tazama FF44, anwani ambako LY husomwa. Gemu nyingi husubiri LY ifike 144 ndipo zizime skrini. Ikisoma 0 daima, itazunguka hapo mpaka kesho.

— Yakhe, yangu inakimbia kama gari ya shamba iliyokatika breki!
Hujaipima. Fremu moja ni tiki 70,224, na sekunde ina tiki 4,194,304, yaani fremu 59.7. Ukilaza programu milisekunde 16 kila fremu, sauti itakwaruza. Subiri bafa ya sauti (akiba ya sauti inayosubiri kuchezwa) ipungue ndipo utengeneze fremu nyingine.

— Ya KB 32 inacheza, ya KB 64 inapotea njiani. Kaseti ni MBC1, ile yenye chipu ya kubadilisha benki (vipande vya ROM).
Gemu ikiandika 0 kati ya 2000 na 3FFF, chagua benki ya 1. Wewe bila shaka unaipa benki ya 0.

— Ndiyo hiyo hiyo. Imekubali.