Kuunda modeli ya Chevrolet Bel Air ya 1957 kwa kipimo cha 1/25

Magari machache ya Kimarekani yanampima fundi wa modeli kama Bel Air ya 1957, na kinachompima ni kromu kuliko injini au chesisi. Kila dirisha limezungushiwa ukanda unaong'aa, ubavuni kuna mkuki mrefu wa kromu unaopanuka kuelekea nyuma, bampa ni nene, na mara nyingi paa lina rangi yake. Bodi ikiharibika, hakuna atakayefungua boneti kuangalia injini, hata uwe umeifungia waya zote. Ndiyo maana hapa tutakaa sana kwenye bodi, na mengine tutayapitia kwa haraka.

Gari halisi lina urefu wa mita 5.08, kwa hiyo modeli ya 1/25 inafika sentimita 20.3. Kipimo hicho kilizoeleka Marekani kupitia modeli ndogo ambazo wauzaji wa magari walizitumia kujitangaza miaka ya 1950. Mwaka 1958 AMT, kampuni ya modeli, ikaanza kuuza seti za kujiundia mwenyewe, ambapo boksi moja lilitoa gari la namna tatu: la kiwandani, la kurembwa na la mashindano. Utaratibu huo wa vipande vya ziada umebaki kwenye seti nyingi. Amua mapema unaunda gari la namna gani, kisha tia alama ya kalamu kwenye vipande usivyovihitaji. Wengi hugundua wamebandika bomba la eksozi la mashindano pale bodi inapokataa kukaa juu ya chesisi.

Vifaa: koleo ndogo ya kukatia plastiki, kisu chembamba cha kuchongea chenye bleti mpya zisizopungua tano, msasa wa maji namba 400, 600, 1000 na 2000, gundi ya majimaji ya plastiki, supaglu, gundi nyeupe ya mbao, tepu nyembamba ya kuzibia rangi, praima (rangi ya msingi), rangi za kopo la kupulizia, na karatasi moja ya Bare-Metal Foil. Hiyo ya mwisho ni foili nyembamba mno yenye gundi mgongoni. Ya alumini inayofungia chakula jikoni haifai hapa. Ni nene na haishiki kwenye kona.

Osha vipande vyote kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya vyombo, vikiwa bado kwenye fremu zake. Plastiki hutoka kiwandani na mabaki ya mafuta ya kalibu, na rangi ikiwekwa juu yake hujikusanya na kuacha vitundu. Anika vikauke vyenyewe.

Sasa bodi. Tafuta mishono ya kalibu: huwa inapita juu ya mapanja (madigadi) ya mbele, kwenye nguzo za paa na kwenye mapezi ya nyuma. Ikwangue kwa mgongo wa kisu, halafu pitisha msasa 600 wenye maji. Usiikate kwa makali, utachimba. Kisha pitisha ncha ya mgongo wa kisu kwenye mistari ya milango na buti, mara tatu au nne, bila kukandamiza. Praima, rangi na vanishi vikijumlishwa vinajaza mistari hiyo, na mlango unabaki kama mchoro tu.

Kabla ya rangi yoyote, jaribisha gari zima likiwa kavu. Funga chesisi, sakafu ya ndani, ukuta wa injini na redieta kwa vipande vya tepu, vika bodi, weka boneti. Boneti ikikaa juu upande mmoja, sababu huwa ni moja kati ya mbili: ukuta wa injini haujashuka hadi mwisho, au kichujio cha hewa kinaigusa kwa chini. Rekebisha leo. Ukishapaka rangi, kila msasa ni kidonda.

Praima ipulize kwa umbali wa sentimita 20 hadi 25, makoti mawili au matatu mepesi. Ukitumbukiza kopo kwenye maji ya uvuguvugu ya nyuzi 40 kwa dakika kama tano, rangi inatoka laini zaidi. Maji ya moto sana hapana, kopo linaweza kupasuka. Praima ikikauka, sugua kwa msasa 1000 wenye maji. Mikwaruzo na mashimo yatajionyesha hapo. Ziba kwa puti, sugua, pulizia tena.

Rangi mbili za mwaka huo zinazopendeza pamoja ni India Ivory (nyeupe) kwa paa na Larkspur Blue (buluu) kwa chini. Anza na ile nyeupe, bodi nzima. Nyeupe juu ya buluu inadai makoti mengi, na makoti mengi yanazika nembo. Koti la kwanza liwe vumbi tu, lisifunike. Subiri dakika 10 hadi 15, piga mawili ya wastani, malizia na moja zito la majimaji, linaloweza kujilaza lenyewe. Ukipulizia kutoka mbali mno, rangi inakauka hewani na uso unatoka kama ganda la chungwa. Ukikaribia mno, inachuruzika. Mwambao, kama Tanga au Mombasa, epuka siku za mvua: laka (rangi ya thina kali inayokauka haraka) inapokauka hupoza uso, unyevu wa hewani unatua juu yake, na rangi inafifia kuwa nyeupe kama ukungu. Koti jepesi siku kavu mara nyingi huiponya.

Kuna kanuni moja ya kemia isiyosamehe: usiweke rangi ya laka juu ya enameli, ile rangi inayokauka polepole. Thina yake inaichemsha ya chini na uso wote unakunjamana. Enameli juu ya laka iliyokauka vizuri haina shida. Na rangi kali za magari halisi zinaweza kupasua plastiki tupu kama haina praima nzuri.

Acha nyeupe ikauke siku kadhaa. Nusa: ikinukia bado, haijawa tayari. Ziba paa kwa tepu ukifuata mstari wa chini ya madirisha, bana ukingo wa tepu kwa kucha, kisha pulizia koti jepesi la nyeupe ileile juu ya ukingo huo. Nyeupe ndiyo itakayoziba mwanya, na buluu haitapenya. Piga buluu, subiri dakika 20 hivi, ng'oa tepu taratibu ukiikunja kurudi nyuma. Uzuri ni kwamba mpaka wenyewe utafunikwa na ukanda wa kromu, kwa hiyo kasoro ndogo itazikwa.

Vanishi, kisha wiki moja ya kungoja. Kwa enameli ongeza hadi mbili. Sugua kwa 2000 yenye maji, epuka kingo na mapezi maana huko rangi ni nyembamba, halafu ng'arisha kwa dawa laini ya kung'arishia.

Foili inakuja baada ya kung'arisha, kwa sababu vanishi juu yake huipunguzia mng'ao. Kata kipande kipana kidogo kuliko ukanda, kilaze bila kukivuta, kisugue kwa kijiti cha pamba ya masikio, kisha kwa ncha butu ya kijiti cha meno kwenye mikunjo. Kata pembeni kwa bleti mpya, uzito wa kisu chenyewe unatosha. Foili ikichanika, lawama ni ya bleti; badilisha kila baada ya madirisha mawili. Lile bapa lenye mistari nyuma ya mkuki, kwenye gari halisi ni alumini isiyong'aa sana, basi tumia foili ya alumini iliyofifia. Hilo moja linafanya ubavu wote uonekane wa kweli.

Bel Air pia ina dhahabu: wavu wa grili, vile vipambo vitatu vidogo kwenye kila panja la mbele, na herufi V ya boneti kama injini ni V8 (silinda nane). Paka rangi ya njano inayopenya mwanga juu ya kromu ya seti, itakuwa dhahabu. Kromu yenyewe haishikani na gundi ya plastiki, kwa hiyo ikwangue mahali pa kubandika. Bampa yenye kromu mbaya itumbukize kwenye jiki. Ndani ya dakika chache au saa chache kromu inatoka. Vaa glavu, fungua dirisha, usiichanganye na dawa nyingine yoyote.

Injini ya 283 (V8 ya inchi za ujazo 283): bloku na vichwa ni rangi ya chungwa ya Chevrolet. Giaboksi ya Powerglide (otomatiki) ya mwaka huo ni chuma cha kusubu, ipake kijivu cheusi badala ya fedha. Ukitaka waya za plagi, tumia waya wa milimita 0.3, vipande tisa: nane vya plagi na kimoja cha koili. Distributa, inayogawa umeme kwa plagi, iko nyuma ya injini na inazunguka kisaa. Mfuatano wa silinda kuwaka ni 1-8-4-3-6-5-7-2. Namba witiri ziko upande wa dereva, yaani kushoto, kuanzia mbele, na shufwa upande wa pili.

Ndani usitumie rangi ya kung'aa isipokuwa kwenye usukani na vishikio. Vioo bandika kwa gundi nyeupe. Supaglu inatoa mvuke unaoacha ukungu kwenye kioo, na ukungu huo hautoki kwa kufuta.

Magurudumu yabandike chesisi ikiwa juu ya kipande cha kioo cha meza. Moja likielea, gundi ikiwa bado laini lisukume chini na uliache limeegemea hapo usiku kucha. Sugua uso wa tairi kwa msasa 320, mng'ao wa kiwandani unalifanya gari zima lionekane kichezeo. Tairi za vinyli zina kilainishi kinachotoka polepole na kuyeyusha plastiki, kwa hiyo paka rimu rangi hata pale zitakapofichwa, na ukihifadhi seti usiyoianza, toa tairi uziweke kwenye kimfuko chake, mbali na vioo.