Kutafuta tanuri la kale la chuma kwa sumaku, na kujua umri wake

Tuchukulie Buhaya, mkoani Kagera, ambako watu walikua wanayeyusha chuma tangu karibu miaka 2,000 iliyopita. Ukiona mavi ya chuma (taka ngumu zinazobaki baada ya kuyeyusha) shambani usikimbilie jembe, pima kwanza, maana ukishachimba ovyo hakuna cha kurudisha (na kibali cha mambo ya kale ni lazima).

Udongo una chembe za chuma, zikipata moto wa kama nyuzi 580 usumaku wake unapotea, zikipoa zinashika upya mwelekeo wa sumaku ya dunia wa siku ile na hauondoki. Ndo maana magnetometa, kifaa cha kupima sumaku, inaliona tanuri hata likiwa limefukiwa.

Gawa eneo viboksi vya mita 20 kwa 20, funga kamba kila nusu mita, halafu tembea mwendo mmoja, kifaa kikae kimo kilekile. Vua mkanda, acha simu na funguo mbali, pikipiki nayo isogezwe. Tanuri lenye mavi ya chuma linaweza kuruka mpaka mamia ya nanotesla (kipimo cha nguvu ya sumaku), ila shimo la taka la kawaida ni chache tu, linataka macho. Na huku kwetu karibu na ikweta usichimbe pale penye namba kubwa peke yake, tafuta jozi ya namba kubwa na ndogo zilizo jirani, mara nyingi kitu kiko katikati yake.

Sasa umri, hapa ndo watu wanaharibu. Kitako cha tanuri kilichoungua USIKING'OE kwanza! Mwaga plasta kidogo juu yake, sawazisha kwa pimamaji ikauke bapa, chora mshale wa kaskazini. Dira ya kawaida itadanganywa na mavi ya chuma, kwahiyo simamisha kijiti wima, chora mstari wa kivuli na uandike saa na dakika, kaskazini utaipata kwa hesabu. Ndipo ukate, chukua vipande kumi na zaidi. Ukuta ulioanguka hausaidii mwelekeo.

Maabara watavipasha moto vipande hivyo kidogokidogo kuondoa usumaku wa baadaye, kisha wanalinganisha mwelekeo uliobaki na rekodi ya jinsi sumaku ya dunia ilivyobadilika eneo hilo miaka kwa miaka. Ulaya rekodi hizo ni nzuri, zetu bado chache, so beba na mkaa wa ndani ya tanuri lilelile upimwe umri kwa kaboni.