Jinsi ya kupiga picha nyeusi na nyeupe ukiwa Kigoma

Rangi ikitoka ndo unauona mwanga wenyewe, kivuli na sura ya kitu, ndo maana mi nazipenda sana hizi picha. Nenda pale stesheni ya reli waliyojenga Wajerumani, asubuhi mapema au saa kumi na mbili jioni jua likiwa chini, saa sita mchana achana nayo kabisa, macho ya mtu yanabaki mashimo meusi.

Simu yako inatosha. Piga kwa rangi kwanza alafu ugeuze baadae kwenye programu ya kuhariri, maana rangi zikiwepo bado unaweza kushusha bluu tu na anga juu ya Ziwa Tanganyika linakuwa zito, mawingu yanatoka meupe pee. Angalia pia nguo, kitenge cha nyekundu na kijani vinaweza kutoka kijivu kilekile ua lisionekane.

Dagaa walioanikwa ufukweni Kibirizi ndo penyewe: inama, jua liwe ubavuni, gusa kwenye kioo cha simu pale panapong'aa zaidi alafu punguza mwanga kidogo, kila dagaa anatoka na kivuli chake. Wenye dagaa waombe kwanza, usiwapige tu.